Eufrasia na Dari Iliyojaa

Kijijini kwetu, kisiwani Itbayat, mtu akitaka kuisifia nyumba yako hasemi kwamba ni nzuri. Anainua macho kuelekea darini, ananusa kidogo, kisha anasema: "Hapa boti inaweza kuchelewa." Na nyumba iliyosemwa hivyo kuliko zote ilikuwa ya Eufrasia, mke wa Telesforo, ile ya mawe iliyo juu ya mteremko, upande wa kanisa.

Boti yetu ikichelewa haicheleweshwi na msongamano wa barabarani. Kisiwa kizima ni majabali, hakuna ufuo wa kukimbilia, na bahari ikichafuka nahodha mwenye akili anabaki Basco, mjini kwenye kisiwa cha jirani, akinywa kahawa yake mpaka mawimbi yachoke. Anaweza kukaa huko wiki, anaweza kukaa mwezi. Mchele wa dukani unakwisha, halafu biskuti, halafu mwenye duka mwenyewe anaanza kuwatembelea watu saa za chakula. Kwa hiyo akiba kwetu si jambo la kukumbushwa na redio. Anayezembea mwezi wa tano anajuta mwezi wa tisa, na wenzake wote wanamjua.

Eufrasia hakuwahi kuwa mmoja wa wazembe hao. Samaki wa fulusi walipopita mwezi wa tatu, Telesforo aliwavua naye akawapasua, akawatia chumvi na kuwaanika mpaka wakawa wagumu kama kuni. Viazi vikuu vilipochimbwa alivipangusa udongo kwa kitambaa, kimoja kimoja, akavipandisha darini ndani ya vikapu, na kikapu chenye kiazi kilichojeruhiwa na jembe hakikupanda ngazi. Njiti za kiberiti alizitia chupani na kuziba kwa nta. Kisha ikaja zamu ya nguruwe. Nyama ilikatwa mapande makubwa, ikakaa na chumvi, ikapikwa polepole ndani ya mafuta yake yenyewe, ikashindiliwa mtungini, na mafuta ya moto yakamiminwa juu mpaka pande la mwisho likazama. Hiyo ndiyo lunyis yetu. Mafuta yakishaganda, nyama inalala humo hata mwaka mzima, ikisubiri siku mbaya.

Mwaka mmoja alikuja binti wa ofisi ya maafa kutoka Basco, akigawa mikoba yenye tochi, filimbi na dawa za kusafishia maji. Akapanda kwenye dari ya Eufrasia kutazama, akakaa huko muda mrefu, akashuka ana utando wa buibui kichwani na furaha usoni. Akaomba awalete wanawake wa vijiji vingine wajionee. Eufrasia akamwambia waje, ila wapanguse miguu. Ule mkoba aliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu tochi ilikuwa nzuri na yeye hakuwa mtu wa kudharau kitu kizuri.

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa mchoyo. Baada ya kila kimbunga sahani zilitoka nyumbani kwake zikiteremka kijijini, kwa wajane, kwa wagonjwa, hata kwa wavivu, ingawa wavivu walipata na maneno juu yake. Kutoa alitoa. Kitu ambacho Eufrasia hakuwahi kukifanya, tangu alipoolewa hadi mvi zilipomwota, ni kuomba. Hakuomba chumvi wala kaa la moto. Alikuwa na sababu yake. Alipokuwa msichana mdogo, kimbunga kimoja kiliwaacha kwao bila kitu, mama yake akamtuma na kikapu kwenye nyumba moja ya wenye nacho. Mama wa nyumba hiyo alikuwa mezani. Alimwacha mtoto asimame mlangoni mpaka watu wote wamalize kula, mpaka na paka amalize, ndipo akamtilia kikapuni vilivyobaki. Eufrasia alivibeba nyumbani, wakavila, vilikuwa vitamu, na akajiapia kwamba mlango mwingine hautamwona amesimama hivyo.

Chini ya mteremko, karibu kiasi kwamba maji akiyamwaga Eufrasia yanafika, aliishi Liduvina. Huyu alifiwa na mume mapema, akalea binti mmoja, na cheko lake lilisikika mpaka mnadani. Kila mtu alimpenda. Kuweka akiba hakukuwa katika damu yake. Viazi vyake vikitoka shambani, nusu vinaliwa na wageni kabla ya kuiona dari, na nusu iliyobaki anaigawa akienda kuimba msibani. Eufrasia naye alimpenda, lakini alikuwa akisema kwamba mwanamke huyu angekabidhiwa ghala la serikali, lingekuwa tupu kabla ya Jumapili.

Sasa, kwetu sahani haiendi peke yake na hairudi peke yake. Ukiletewa ina nyama, unairudisha na chochote: ndizi, kipande cha boga, hata maua kama huna kingine. Hakuna anayepima. Ila tupu hairudi, na asiye na cha kuweka anaiacha ikae kwake, anasubiri apate. Zamani sahani za Eufrasia, zile zenye ukingo wa buluu, zilikuwa zikirudi kutoka kwa Liduvina zimebeba hiki na kile. Lakini kwa miaka kadhaa sasa zilikuwa hazirudi tena. Zilikaa kwenye rafu yake, mpita njia alikuwa akiziona dirishani. Eufrasia alilifanya jambo hilo kuwa mzaha. Aliwaambia wanawake kisimani kwamba Liduvina anakusanya vyombo, anataka kufungua hoteli. Wanawake walicheka, na Liduvina alipokuwepo alicheka pia, lakini cheko lake lilikwisha kabla ya yao.

Basi mwezi wa tisa wa mwaka ninaousimulia redio ikatutangazia kimbunga, kengele ya kanisa ikagongwa, na watu wakapanda juu ya mapaa kutandaza nyavu za kamba na kuzikaza kwenye mawe. Walipomaliza kwa Eufrasia akawapa kahawa, wakateremka kwa Liduvina. Edralyn, binti wa Liduvina, alikuwa amejifungua siku chache nyuma, mtoto wa kike, na mume wake alikuwa Basco akifanya kibarua, amezuiwa na bahari. Kamba za nyumba ile zilikuwa za zamani. Wanaume walizikaza walivyoweza, wakitikisa vichwa.

Kimbunga kilikuja kama kawaida yake, na sina haja ya kukieleza. Aliyewahi kukipitia anakijua, na ambaye hajakipitia nisimtishe. Asubuhi nyumba ya Eufrasia ilikuwa pale pale, majani ya mapaa ya watu yamejaa uani. Kwa Liduvina nusu ya paa ilikuwa imekwenda. Debe la mchele lilijaa maji ya mvua, viazi vilivyokuwa darini vilikuwa vimeporomokea kwenye matope, na samaki wachache waliokaushwa hakuna aliyejua walipopeperukia. Mama, binti na mtoto walijibana chini ya nusu iliyobaki, na turubai la mwenyekiti wa kijiji likazibia upande ulio wazi. Mwenyekiti aliwaambia wahamie shuleni, lakini na shule ilikuwa inavuja. Misaada ilikuwa imeshapakiwa botini huko Basco, na boti ilikuwa imefungwa gatini. Mawimbi hayakutaka kushuka.

Eufrasia alipakua siku hiyo hiyo. Alijaza sahani viazi na mapande ya lunyis yenye mafuta, chakula hasa cha mama anayenyonyesha, akateremka nayo mwenyewe.

Liduvina alimpokea mlangoni. Alisimama katikati ya mlango, si pembeni.

"Asante, shoga. Tumeshakula," akasema.

"Mmekula nini?"

"Chakula."

Eufrasia akatazama juu ya bega lake. Jiko lilikuwa limelowa, hakuna moshi wala harufu ya moshi. Edralyn alikuwa ameketi kwenye gunia, uso umemkauka, mtoto kifuani akivuta na kuachia, akivuta na kuachia, kisha akalia kilio chembamba. Eufrasia aliwazaa wanne na kuwanyonyesha wote. Kilio cha ziwa tupu hakuhitaji kuambiwa. Aliiacha sahani juu ya jiwe la mlangoni akaondoka. Kabla hajafika nyumbani, Liduvina alikuwa ameshampelekea mzee kipofu wa nyumba ya pili, sahani na vyote.

Kesho yake akamtuma Telesforo apeleke kikapu kimya kimya, akiweke nyuma ya nyumba, asiseme neno. Asubuhi iliyofuata kikapu kilikuwa juu ya ukuta wao wa mawe. Hakuna kilichoguswa. Hata kitambaa kilikuwa kimekunjwa.

Hapo Eufrasia akawaka. Alizunguka uani akisema maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Yule mwanamke ana kichwa cha jiwe. Akitaka kufa na njaa kwa ajili ya fahari yake afe, lakini mtoto ana kosa gani, na Edralyn ana kosa gani, maziwa yakikauka yatarudishwa na nani, na boti haipo, na maziwa ya kopo dukani yalikwisha kitambo. Kilio cha mtoto kilikuwa kinapanda mteremko wakati akisema hayo, na kila kilipopanda alisema kwa sauti kubwa zaidi ili asikisikie.

Telesforo alikuwa ameketi kizingitini anasuka upya kamba za paa. Ni mtu wa maneno machache, na mkewe alikuwa akisema hayo machache yenyewe anayakopa.

"Umewahi kumwomba nini Liduvina?" akauliza.

"Mimi? Nimwombe nini? Nina kila kitu."

"Ndiyo hivyo," Telesforo akasema, akavuta kamba, akaendelea na kazi yake.

Eufrasia alisimama, kisha akaingia ndani. Hakuwa mjinga. Alielewa mara moja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo akaamua kulimaliza jambo hilo kabla ya jua kutua: ataomba kitu, atapewa, watakuwa sawasawa, na Edralyn atakula. Kilichobaki ni kutafuta kitu anachokosa.

Akatafuta. Chumvi ilikuwa mitungi miwili. Kiberiti alikuwa nacho, sindano alikuwa nazo na uzi wa rangi nne. Mishumaa ilijaa kasha. Mafuta ya taa, dawa ya kuharisha, misumari, sabuni, hata pipi za kutulizia watoto wa wageni. Alifungua makabati akayafunga, akapanda darini akashuka, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyozidi kujikasirikia kwa kuwa mpangilifu. Huenda hakuna mwanamke aliyewahi kuikagua nyumba yake kwa uchungu hivyo akiomba aikute na pengo. Mwisho akakumbuka kwamba Liduvina, pamoja na uzembe wake wote, alikuwa na mkono wa vitunguu saumu. Vyake vilikuwa vikubwa na vikali, na fungu moja alilokuwa amelitundika ukutani lilipona. Eufrasia akajitia moyo, akateremka.

Akamkuta Liduvina anakamua nguo.

"Shoga, nimekuja kuomba," akasema, na neno lilimtoka kwa shida kweli. "Nipe vitunguu saumu. Vyangu vimeoza."

"Vimeoza?"

"Na maji."

"Vyote?"

"Vyote."

Liduvina alinyanyua kidevu kuelekea juu ya mteremko. Eufrasia akageuka. Kule juu, chini ya upenu wa nyumba yake, mafungu ya vitunguu saumu yalikuwa yananing'inia meupe juani, safu nzima, vile alivyoyatoa yeye mwenyewe asubuhi ile yapigwe na upepo.

Cheko la Liduvina lilianza, halafu likakatika. Aliitua nguo ndani ya beseni.

"Eufrasia, mimi ni maskini. Si mjinga."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Sikia nami nikwambie. Unakumbuka viazi vitamu nilivyokuletea, mwaka ule wa harusi ya Edralyn? Nilivichagua usiku kucha kwa taa. Nilisema leo nampelekea Eufrasia kitu cha maana, maana ametulisha sana. Nikakupa, ukasema ya nini kujisumbua. Haya. Kesho yake nikapita njia ya zizini kwako. Ulikuwa unawatupia nguruwe. Vyote. Hata kimoja hukukata ukaonja."

Eufrasia akafungua mdomo. Alikumbuka. Hakukumbuka viazi, alikumbuka zizi, na nguruwe, na ndoo nzito, na kwamba siku hiyo alikuwa na haraka.

"Nilikuwa na vingi mno," akasema.

"Una vingi. Siku zote una vingi. Ndiyo maana sahani zako ziko pale rafuni, na ndiyo maana unanicheka kisimani. Niweke nini humo ambacho nguruwe wako hawana?"

Ndani Edralyn alikuwa anasikia kila neno. Mtoto akalia. Liduvina akasema haya, shoga, kwaheri, nina nguo, akainama juu ya beseni.

Eufrasia alipanda mteremko polepole. Hasira ilikuwa imemtoka yote. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na lililomchoma zaidi ni kwamba alijifahamu. Yule mama wa mezani, aliyemwacha mtoto mlangoni mpaka paka ashibe, Eufrasia alimchukia maisha yake yote. Na yeye je? Yeye hakumsimamisha mtu mlangoni. Yeye alichukua alicholetewa kwa moyo, akawapa nguruwe, tena huku anaimba.

Alipanda darini, kwa sababu huko ndiko alikozoea kwenda akiwa na uzito moyoni. Harufu ya viazi na samaki mkavu humtuliza. Akaketi juu ya boriti katikati ya vikapu. Vikapu vyenyewe alivisuka zamani, kimoja kwa kila mtoto: hiki cha Arnel, kirefu, kwa kuwa Arnel alikuwa mlaji, hiki cha wa pili, hivi viwili vidogo vya wale wa mwisho. Kila mwaka anavijaza kwa mpango ule ule, cha Arnel kwanza. Arnel yuko Baguio, ana duka la vipuri na watoto wanaosema lugha nyingine. Wa pili ni baharia. Wale wa mwisho wako Manila, wanapiga simu Krismasi, mtandao ukiwepo. Hakuna hata mmoja aliyekula kutoka kikapu chake tangu alipovuka bahari. Yeye na Telesforo wanakula kikapu kimoja, na hicho hawakimalizi. Msimu ukiisha viazi vinachipua, anawapa nguruwe. Nguruwe wakinenepa anawachinja na kujaza mitungi. Kisha analima tena.

Alitazama vikapu vile kwa muda mrefu. Alikuwa mwanamke aliyejiamini, na haki yake. Hakuna aliyeijua kazi ile kumshinda. Lakini hakuwahi kujiuliza anaifanya kwa ajili ya nani, na sasa swali lilipokuja lilikuta jibu limeshaketi pale linamsubiri. Alilia kidogo, akapangusa uso kwa mkono wenye vumbi, akashuka, na bila hata kuvaa vakul yake kichwani, ingawa manyunyu yalikuwa yameanza, akateremka tena kwa Liduvina. Safari hii hakusimama nje. Akainama, akapita chini ya turubai, akaketi kwenye udongo uliolowa karibu na gunia la Edralyn.

"Nimekuja kuomba," akasema.

Liduvina alikuwa akimpepea mtoto. "Vitunguu tena?"

"Hapana."

"Kiberiti?"

"Watu," Eufrasia akasema. "Naomba watu, Liduvina. Kule juu nimejaza vikapu vya wanangu wanne na hakuna mwanangu hata mmoja. Kila mwaka najaza. Vinaliwa na nguruwe, na nguruwe nao hatuwamalizi. Viazi vyako vilikwenda huko huko, sikuvitazama hata. Nilikosea, na tangu nilipotoka hapa nimekuwa nikiona aibu. Nina paa, nina moto, nina chakula, sina mtu wa kukila. Nakuomba mje mkae kwangu, wewe na Edralyn na mtoto. Si kwa ajili yenu. Mimi nahitaji."

Manyunyu yaligonga turubai. Edralyn alimtazama mama yake. Macho yake yalikuwa yanasema kwa niaba ya tumbo.

"Rudia hilo la mwisho," Liduvina akasema.

"Nahitaji."

"Sijawahi kukusikia ukilisema neno hilo."

"Sijawahi kulisema."

"Linakusumbua mdomoni."

"Linanisumbua," Eufrasia akakiri.

Liduvina akamgeuza mtoto begani, akampigapiga mgongo. Alichukua muda wake, na Eufrasia alimwachia achukue. Alikuwa tayari kukaa kwenye tope lile mpaka boti ije.

"Nikija nitapika mimi," Liduvina akasema hatimaye. "Sitakaa jikoni kwako nimefumbata mikono kama askofu aliyekuja kipaimara."

"Upike."

"Na usinifuate nyuma ukifunika vyungu."

"Sitakufuata."

"Utanifuata, nakujua. Lakini nitakuwa nakwambia." Akanyanyuka, akaenda kwenye rafu, akazishusha zile sahani zenye ukingo wa buluu, akazipangusa kwa pindo la nguo. "Hizi nazibeba. Safari hii hazirudi tupu, zinarudi na watu."

Basi wakapanda mteremko. Telesforo, aliyewaona tangu mbali, alishuka kuwapokea na vakul ya mkewe mkononi, ile kofia ya majani inayofunika kichwa mpaka kiunoni. Akamfunika nayo Edralyn pamoja na mtoto, yeye akalowa. Majirani walitoka milangoni. Hakuna aliyeuliza kitu, na hiyo kwa kijiji chetu ni heshima kubwa.

Ndani moto ulikuwa unawaka. Liduvina hakungoja kuonyeshwa. Alivuta mtungi wa lunyis kutoka pembeni, akalivua kawa, akachukua upawa uliokuwa ndani ya ndoo ya maji, akauchovya moja kwa moja ndani ya mafuta, maji yanachuruzika.

Eufrasia akaruka. Kwa mtu wa kwetu hilo ni kama kumwaga tope madhabahuni. Tone la maji likiingia katika mafuta, mtungi unaota ukungu, na nyama yote ya chini inaharibika. Wanawe wote wanne waliwahi kuonja mkwaju kwa kosa hilo, na Telesforo mwenyewe hakuruhusiwa kuusogelea ule mtungi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kisha akamtazama Edralyn, aliyekuwa ameegemea ukuta wenye joto, macho hayabanduki kwenye upawa. Akamtazama mtoto. Akawahesabu waliokuwamo, akauangalia mtungi. Ukungu unataka siku nyingi kuota. Kwa vinywa vilivyokuwa mle ndani, nyama ile isingepata siku hizo.

Akaketi. Liduvina akachota tena, kwa upawa ule ule, kwa fujo ile ile.

Edralyn alikula mpaka mafuta yakamng'aa kidevuni. Akaomba aongezewe, akaongezewa. Baadaye mtoto alishika ziwa na hakuliachia. Walisikia anavyomeza.

Liduvina akageuka na upawa mkononi. "Na wewe?"

Eufrasia akanyoosha sahani yake, pale jikoni kwake mwenyewe.

"Na mimi naomba," akasema.

Liduvina akampa pande lenye ngozi, akamwambia ale kabla halijapoa.